Krismasi kwa Mivukuto ya Bandoneoni

Majuma mawili matatu kabla ya Krismasi, katika miji mingi ya Ulaya na Amerika, kumbi za makanisa, maktaba na vituo vya mitaa huwashwa taa jioni kwa ajili ya tamasha dogo la muziki. Kiingilio ni hiari ya mtu. Wapigaji ni watu wa mtaa uleule: mwalimu wa fidla na wanafunzi wake, mstaafu mwenye selo yake, mpiga kinanda wa kanisani, kwaya ya watoto. Na kwenye karatasi ya programu siku hizi si ajabu kukuta majina matatu yakifuatana: Arcangelo Corelli wa Roma, Franz Xaver Gruber wa Austria, Astor Piazzolla wa Buenos Aires. Konseto iliyochapishwa mwaka 1714, wimbo wa mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818, na tango ya mwaka 1965.

Wapo wanaoiona programu ya namna hiyo kuwa ni mseto wa kumridhisha kila aliyekuja: kidogo cha wasomi, kidogo cha waumini, kidogo cha wacheza dansi. Mimi naiona vingine. Ikiangukia mikono inayoijua kazi, hiyo ni programu iliyoshikamana barabara, na kinachoishikamanisha ni pumzi: namna sauti inavyoanzishwa, inavyobebwa na inavyoachwa. Ukitaka kuiona pumzi hiyo kwa macho, mtazame mpigaji aliyetandika kitambaa gotini, na juu ya kitambaa akaweka visanduku viwili vya mbao vilivyounganishwa na mivukuto mirefu. Hiyo ni bandoneoni, na kwa jioni kama hii sioni ala inayostahili kuliko hiyo.

Watu wakiisikia hufikiri Argentina, lakini asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1834 Carl Friedrich Uhlig wa mji wa Chemnitz alianza kuuza konsatina zake, visanduku vya mivukuto vyenye vitufe vichache. Katika miaka ya 1840 Heinrich Band, mwalimu na mfanyabiashara wa muziki wa mji wa Krefeld, akaiongezea vitufe na kuipanua sauti, na jina lake likabaki kwenye ala hadi leo. Wafanyakazi wa migodi na viwanda waliinunua, wakaunda vikundi vyao. Ikatumika pia kuongoza tenzi mahali pasipo na ogani, kwa maana ogani ni mali ya parokia yenye uwezo, na bandoneoni hubebwa na mtu mmoja mkononi. Kijiji cha Carlsfeld, katika milima ya Saxony, kikawa makao ya mafundi wake. Huko Alfred Arnold alifungua kiwanda chake mwaka 1911, na bandoneoni zenye alama ya herufi mbili, AA, zikasafirishwa kwa maelfu kwenda Buenos Aires na Montevideo. Katika miaka ya 1960 kiwanda hicho kiliacha kuzitengeneza. Zinazopigwa leo na mabingwa wengi ni zilezile za kabla ya Vita Kuu ya Pili, zimerithiwa mkono kwa mkono, zimefunguliwa na kufungwa na mafundi mara nyingi.

Msomaji wa pwani anaijua kodiani, ile ya taarabu ya Unguja: kulia ina vibao kama vya piano, kushoto ina vitufe ambavyo kimoja tu kikibonyezwa hutoa chodi nzima. Bandoneoni haimpi mpigaji nafuu hiyo. Haina chodi iliyo tayari. Akitaka sauti nne, sharti aweke vidole vinne.

Ile iliyozoeleka katika tango ina vitufe 71, 38 mkono wa kulia na 33 mkono wa kushoto. Kila kitufe kina noti mbili, moja mivukuto ikifunguka, nyingine ikifunga, na mara nyingi noti hizo mbili hazina ujirani wowote. Kwa hiyo mwanafunzi hajifunzi ramani moja ya vidole, hujifunza nne: kulia kwa kuvuta, kulia kwa kusukuma, kushoto kwa kuvuta, kushoto kwa kusukuma. Wala ramani hizo hazina mstari wa do-re-mi ambao mtu angeweza kuufuata kwa kidole. Mafundi wa karne ya 19 walikuwa wakiongeza vitufe vipya pembezoni mwa vya zamani kila wateja walipodai noti zaidi, ili aliyeijua ala ya awali asianze upya, na mpangilio ukabaki na historia yake yote. Vidole vinavyotafuta noti ni vinane tu. Mikono yenyewe imepitishwa ndani ya mikanda ya ngozi, na kidole gumba cha kulia kina kazi yake ya pekee: kubonyeza wenzo wa hewa, unaoruhusu mivukuto ivute au itoe hewa bila sauti.

Ndani, kila noti ina ndimi mbili za feleji, moja ya chini na nyingine oktava moja juu yake, zimepigwa ribiti kwenye bamba, na katika ala za zamani bamba hilo ni la zinki. Wapigaji husisitiza kwamba zinki ndiyo inayoipa bandoneoni ule uzito wenye huzuni kidogo. Fundi akitaka kupandisha noti hukwangua ncha ya ulimi kwa tupa ndogo, akitaka kuishusha hukwangua karibu na shina, na mkwaruzo mmoja ukizidi ulimi umeharibika. Ukumbini hakuna linaloweza kurekebishwa. Ndiyo maana tamasha huanza kwa noti ya A kutoka kwenye mivukuto, na wenye fidla na selo hukaza na kulegeza nyuzi mpaka waifikie. Wao ndio wanaoifuata bandoneoni, kama ambavyo wangeifuata ogani.

Corelli hutangulia. Konseto yake ya nane katika opus 6 ilitoka mwaka mmoja baada ya kifo chake, ikiwa na maandishi yanayosema kwamba imetungwa kwa ajili ya usiku wa Krismasi. Sehemu ya mwisho ni Pastorale, muziki wa wachungaji. Zama hizo wachungaji walishuka kutoka milima ya Abruzzo majira ya Krismasi, wakaingia Roma na zumari zao za viriba, wakipiga mbele ya sanamu za Bikira Maria mitaani. Zumari ya kiriba ina bomba linalodumu kwenye noti ileile muda wote, na juu yake bomba jingine linaimba. Corelli akaichukua sura hiyo akawapa watu wa nyuzi: chini noti inayokaa, juu fidla mbili zinazokwenda sambamba, mapigo kumi na mawili katika kila kipimo, yakitembea matatu matatu.

Kwa macho hakuna jambo gumu katika Pastorale. Noti si nyingi, mwendo ni wa wastani. Ugumu wake ni kukaa. Mpiga selo anayeishikilia G ya chini lazima ageuze upinde kila baada ya muda, kwa kuwa upinde una mwisho. Asiyejua hugeuza na sauti ikakatika, au ikashtuka. Anayejua hulegeza kifundo cha mkono kabla upinde haujafika ukingoni, uzito wa mkono unapungua, upinde unarudi, na sikio halina habari. Mpiga bandoneoni ana shughuli nzito zaidi. Akiivuta mivukuto mpaka mwisho sharti aisukume, na akiisukuma, kitufe kilekile hakitoi tena G. Inabidi palepale anapogeuza aachie kitufe hiki na kubonyeza kingine, mahali pengine kabisa pa ramani, na noti isiyumbe. Ni kazi ya kumhamisha mtoto aliyelala kutoka paja moja hadi jingine. Hufanywa mara nyingi ndani ya dakika chache, na anayeifanya vizuri hapigiwi makofi kwa ajili yake, kwa sababu hakuna aliyesikia lolote.

Nimeipenda kazi hii kwa sababu hiyo hasa. Sifa nyingi za muziki huenda kwa noti za kasi na za juu, zile zinazofanya watu wavute shingo waone vidole. Noti ndefu haina pa kujificha. Ukiishika kwa nguvu inapasuka, ukiilegeza inashuka, ukiwaza mambo mengine inatetemeka. Kabla ya kumsifu mpigaji yeyote ningependa nimsikie akishika noti moja kwa mapigo kumi na mawili.

G hiyohiyo ndiyo inayoifanya Pastorale kuwa tunu kwa tamasha la mtaa. Muziki umo katika G kubwa, na G na D ni nyuzi tupu za fidla, na za selo pia. Mtoto aliyeshika fidla kwa mwaka mmoja anaweza kupewa nyuzi hizo mbili, asiweke kidole hata kimoja, na bado akawa ndani kabisa ya Corelli. Umbo lenyewe la konseto limeandaliwa kwa watu wasiolingana uwezo. Wapo watatu mbele, fidla mbili na selo moja, ndio waliobeba yaliyo magumu, na nyuma yao wapo wengi wanaounga mkono. Ukumbi wa leo ukiwa na walimu watatu na wanafunzi kumi na wawili, Corelli alikwisha kuwapangia viti.

Mpangaji wa muziki anayeijua kazi yake huanzia hapo. Hahesabu ala, huhesabu watu. Anajua mwanafunzi gani huharakisha akiogopa, mstaafu gani vidole vyake vimekakamaa asubuhi lakini jioni vinafunguka, mtoto gani ana sauti nzuri ila hajui kusoma noti na lazima aimbishwe kwa sikio. Huandika upya sauti ya tatu ili asiyeweza kufika juu aishie mahali panapopendeza, tena pasionekane kuwa ni punguzo. Hupanga pia funguo, ili kipande kinachoisha katika G kifuatwe na kingine ambacho sikio linaweza kuingia bila kujikwaa. Jina lake kwenye karatasi, kama lipo, limeandikwa kwa herufi ndogo. Nusu ya uzuri wa jioni ni wake.

Kutoka kwa Corelli hadi kwa Gruber ni hatua fupi, na mpangaji hodari haruhusu makofi yaingie katikati. Mwaka 1816 padri Joseph Mohr aliandika shairi katika kijiji cha Mariapfarr. Tarehe 24 Desemba 1818, akiwa Oberndorf karibu na Salzburg, alimpa Gruber, mwalimu wa shule wa kijiji jirani, amtungie tuni ya sauti mbili na gita. Jioni ileile ikaimbwa katika kanisa la Mtakatifu Nikolao. Ni wimbo ambao makanisa yetu huuimba kwa Kiswahili kila mkesha, na wengi wetu tunaujua sauti zote nne tangu utotoni. Upo mwandiko wa Mohr mwenyewe uliohifadhiwa, katika D kubwa, mapigo sita kwa kipimo, matatu matatu. Yaani ni mbembeo uleule wa wachungaji wa Corelli, umevuka milima ya Alps na miaka mia moja.

Makwaya mengi, huku na ng'ambo, yameuzoea kwa mwendo wa kujikokota, hata mbembeo ukapotea na wimbo ukawa mzito kama wa msibani. Ukiuingia moja kwa moja kutoka kwenye Pastorale, mapigo yakaendelea bila kupunguzwa, unarejea kuwa wimbo wa kubembelezea mtoto. Gita peke yake kwanza. Kisha sauti mbili. Bandoneoni ingojee mpaka ukumbi mzima umeanza kuimba, ndipo iingie chini, kwa mkono wa kushoto, kwa sauti ambayo mwimbaji anaihisi kabla hajaisikia. Hapo inakuwa ogani ya wasio na ogani, na ndiyo kazi iliyofanya zamani huko Ujerumani. Kuongoza watu mia wanaoimba si jambo dogo. Umati huchelewa kwenye mwisho wa mstari, huvuta pumzi unapotaka wenyewe, na anayeusindikiza lazima apumue pamoja nao na bado asiburuzwe. Wapiga vinanda wa makanisa ya Afrika Mashariki wanaifanya kazi hii kila Jumapili, tena mara nyingi bila mazoezi na kwa kinanda chenye vibao viwili vitatu visivyolia, na sijawahi kuona wakisifiwa inavyostahili.

Kwenye tango nitakaa zaidi. Muziki huu ulikua mwishoni mwa karne ya 19 kwenye kingo mbili za Río de la Plata, Buenos Aires na Montevideo, katika mitaa ya bandarini ambako wahamiaji wa Italia na Hispania waliishi jirani na watu weusi wa miji hiyo. Hao walikuwa wajukuu wa waliouzwa utumwani, wengi kutoka Kongo na Angola, na wengine kutoka Msumbiji, na walikuwa na ngoma yao, kandombe. Mmoja wao, mpiga piano Rosendo Mendizábal, alitunga El entrerriano mwaka 1897, mojawapo ya tango za mwanzo ambazo bado zinapigwa. Sebastián Ramos Mejía, mtu mweusi pia, anatajwa miongoni mwa wapiga bandoneoni wa kwanza wa Buenos Aires. Mwaka 2009 UNESCO iliziingiza tango na kandombe zote mbili katika orodha yake ya urithi wa binadamu, na ilikuwa haki ziingie pamoja.

Ajabu ni kwamba ngoma yenyewe haikuingia katika okestra. Vikundi vya kwanza vilikuwa na filimbi, fidla na gita, na tango ilikuwa ya haraka, ya kuchezacheza. Bandoneoni ilipochukua nafasi ya filimbi mwanzoni mwa karne ya 20, mwendo ukatulia na muziki ukapata kina. Okestra iliyokomaa baadaye ni bandoneoni, fidla, piano na dabo besi. Hakuna ngoma hata moja. Mapigo yote, pamoja na ukali wote unaomnyanyua mchezaji kitini, lazima yatoke kwenye mbao, nyuzi na hewa.

Jinsi wapigaji walivyolitatua hilo ni jambo la kukaa na kulisikiliza kwa makini. Mpiga dabo besi haangukii pigo, huliburuza: huanza kabla yake kidogo, chini, kwa mvumo mzito, na kufika juu pigo linapotua, na mkono wa kushoto wa piano unafanya vivyo hivyo. Mpiga fidla huvusha upinde nyuma ya daraja, kwenye kile kipande kifupi cha nyuzi kisichopigwa kamwe katika muziki wa kawaida, na kutoa mkwaruzo mkavu ambao Waargentina wameupa jina la nyenje. Huweka ukucha kando ya waya anaouchomoa ili ulie kama kigoma kidogo. Hupandisha kidole ghafla mpaka juu kabisa ya shingo, sauti ikatoka kama mchapo wa fimbo, au hubisha mbao kwa kiganja. Kwa aliyelelewa na Corelli yote haya ni makosa. Mwalimu wake alitumia miaka kumwondolea mkwaruzo, na sasa anatakiwa akwaruze, tena kwa wakati wake kamili na kwa kipimo chake. Ndiyo maana mpiga fidla anayeweza Pastorale na tango katika jioni moja ananistaajabisha kuliko bingwa wa mojawapo. Ana mikono miwili ya kulia, na anajua lini ashike upi.

Piazzolla akaongeza hesabu yake. Katika kazi zake nyingi noti nane za kipimo hugawanywa tatu, tatu, mbili. Aliyecheza rumba ya Kongo ameubeba mgawanyo huo mguuni, kwa kuwa rumba hiyo ililelewa na muziki wa Cuba, na nusu ya klave, mdundo wa msingi wa Cuba, ni hesabu hiyohiyo. Sioni kuwa ni sadfa. Waliovushwa bahari kwa minyororo walikwenda na hesabu zao.

Piazzolla alizaliwa Mar del Plata mwaka 1921, akakulia New York. Mwaka 1929 baba yake, aliyeikumbuka nyumbani kupitia santuri za tango, alimnunulia bandoneoni iliyotumika kutoka duka la rehani. Jirani yao alikuwa mpiga piano Mhungari, Béla Wilda, aliyefanya mazoezi ya Bach kwa saa nyingi, na kijana akamfuata amfundishe. Akajifunza Bach kwenye ala ambayo Bach hakuiandikia. Baadaye, Buenos Aires, alipiga katika okestra ya Aníbal Troilo usiku na kusoma utunzi kwa Alberto Ginastera mchana. Mwaka 1954 akaenda Paris kwa Nadia Boulanger, akiwa amejaza mkoba kwa simfonia na sonata zake, tango akiificha. Boulanger alizisoma, akaona humo watunzi wengine wote isipokuwa mwenye mkoba. Alipomlazimisha ampigie tango moja, akamwambia kwamba hapo ndipo alipo Piazzolla, na asipaache. Kisha akaendelea kumfanyisha mazoezi ya sauti nne, yaleyale wanayofanyishwa wanafunzi wa muziki wa kanisa.

Matunda yake yanasikika katika Fuga y misterio, kutoka María de Buenos Aires ya mwaka 1968. Fuga ni mtindo wa Bach: sauti moja huanza peke yake na tuni, ya pili ikaingia na tuni ileile wakati ya kwanza inaendelea na jambo jingine, kisha ya tatu, kisha ya nne. Piazzolla aliijenga kwa kanuni, ila tuni yenyewe ina visigino vya tango. Kwa tamasha la mtaa kipande hiki kina haki ndani yake, kwa kuwa kila mpigaji, hata yule wa besi asiyepewa tuni mwaka mzima, ana zamu ya kuibeba. Na kila anayeingia lazima wenzake wampishe. Nimesikia vikundi vyenye wapigaji hodari vikiiharibu fuga kwa sababu hakuna aliyekubali kupungua.

Halafu kipo kipande ambacho, kwa maoni yangu, hakipaswi kukosekana: Verano Porteño, majira ya joto ya Buenos Aires. Piazzolla alikiandika mwaka 1965 kwa mchezo wa jukwaani, na baadaye kikawa kimojawapo cha majira yake manne. Watu wa kaskazini hukipiga Desemba, theluji ikiwa nje, na huenda wanakiona kuwa ni mgeni kwenye programu ya Krismasi. Lakini Buenos Aires majira ya joto huanza Desemba. Krismasi ya huko, kama ya Dar es Salaam na Mombasa, ni ya jasho na madirisha wazi. Hiki ni muziki wa msimu wake, na sisi tusiojua theluji tunaweza kuusikia hivyo bila kuelezwa. Majira ya baridi, Invierno Porteño, nayo huishia kwa mshuko mtulivu wa chodi unaowakumbusha wasikilizaji kanoni ya Pachelbel, na hapo Ulaya ya zamani na Buenos Aires hukutana katika vipimo vichache. Mwargentina mwingine, Ariel Ramírez, alitunga Navidad Nuestra mwaka 1964 kwa maneno ya Félix Luna, nyimbo sita za kuzaliwa kwa Yesu, kila moja katika mdundo wa jimbo lake. Mmojawapo unawaonyesha Yosefu na Maria wakitembea katika nyika za pampa. Kwaya inayotafuta Krismasi isiyo na miti ya misonobari ianzie hapo.

Tazama sasa yule mwenye bandoneoni anavyobadilika. Kwenye Pastorale na kwenye wimbo wa Gruber alikuwa akivuta na kusukuma kwa usawa. Kwenye tango anapiga zaidi kwa kuvuta. Mivukuto inaning'inia juu ya goti, uzito wa visanduku unasaidia kuifungua, na sauti hutoka na meno. Akitaka pigo kali hunyanyua goti kidogo na kulishusha, mivukuto yote ikashtuka. Ikifika mwisho, kidole gumba kinabonyeza wenzo wa hewa na mivukuto inajifunga kwa pumzi moja fupi, unayoisikia hata safu ya nyuma, kisha sentensi nyingine inaanza. Piazzolla alipiga amesimama, mguu mmoja juu ya kiti, lakini wengi hukaa. Pumzi hiyo fupi ni sehemu ya muziki, na katika rekodi za zamani husikika wazi. Katika utenzi ingekuwa kelele. Mpigaji ana ramani nne vidoleni, na ana tabia mbili za mkono zinazopingana, na katika saa moja na nusu amezipitia zote bila kumwonyesha mtu mahali alipovukia.

Afrika Mashariki hatuna bandoneoni za kutosha kuanzisha kikundi, lakini tuna watu wa mivukuto. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ipo tangu mwaka 1905, na kodiani imekuwa nguzo ya taarabu kwa miongo mingi. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kinafundisha kodiani, fidla na kanuni. Mpiga kodiani wa taarabu anajua kuubeba mstari wa mwimbaji na kupumua naye. Wala tango si ngeni kwake kabisa: Mohamed Abdel Wahab wa Misri, ambaye nyimbo zake zilisikilizwa sana na wanamuziki wa Unguja, alitia mdundo wa tango katika nyimbo za filamu zake za miaka ya 1930.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa kwaya na wa fidla, Moshi, Nairobi, Bukoba, Bujumbura, popote palipo na kanisa au ukumbi wa shule na watu kumi wanaopenda muziki. Desemba ijayo msitafute wapigaji wakubwa. Chukueni Pastorale ya Corelli, wanafunzi wapeni nyuzi tupu, iingieni tuni ya Gruber bila kusimama, kisha mwiteni mpiga kodiani aingize tango moja. Anzeni mazoezi mwezi wa Septemba, maana noti ndefu haifundishiki kwa wiki mbili. Noti za Corelli na za Gruber hazidaiwi na mtu tena na zinapatikana bure. Za Piazzolla, aliyefariki Buenos Aires tarehe 4 Julai 1992, bado zina wenyewe, basi zilipiwe.